UZI: Mabaki ya sokoni na supamaketi kwa mifugo msimu wa joto. Vipimo, uhifadhi na yanayoua

MbuziWaChanika

Wakuu habari za leo.

Kaskazi imeshakolea, mchana Dar ni nyuzi 32 na hewa nzito. Huu ndio msimu ambao Buguruni, Mabibo na Temeke Stereo kuna mzigo wa kumwaga: maembe, mananasi, matikiti, nyanya zilizopasuka, majani ya nje ya kabichi. Supamaketi nazo zinatoa mkate wa juzi, mtindi uliokaribia tarehe na mboga zilizonyauka. Mfugaji anapewa bure au analipia kubeba tu. Ila mzigo uliokuwa mzuri saa 12 asubuhi, ikifika saa 9 alasiri unachuruzika maji na nzi wameujaa.

Tuweke vipimo hapa ili mtu akija asome amalize. Mfano wa kufanyia hesabu: mbuzi 20 wa kilo 30 kila mmoja, ng'ombe 2 wa maziwa wa kilo 400, na kilo 200 za mchanganyiko wa kabichi, nyanya na maembe kila siku. Kipi kiliwe leo, kipi kihifadhiwe, kipi kisiguswe? Watu wa kuku na nguruwe karibuni pia.

---

Dr_Malisho

Mkuu, kabla ya kuuliza kipi kiliwe, jiulize umebeba chakula au umebeba maji. Nyanya ni maji asilimia 94, kabichi na tikiti 92, nanasi 86, embe 83, viazi mviringo karibu 80, ndizi mbivu 75. Mkate ndio tofauti, una maji asilimia 35 hadi 38 tu, na ndiyo sababu wenye uzoefu wanaugombania kuliko matikiti.

Sasa hesabu. Ng'ombe wa kilo 400 anahitaji chakula kikavu takriban asilimia 3 ya uzito wake, yaani kilo 12 ukishaondoa maji yote. Akila kabichi tupu itabidi ale kilo 150 kwa siku. Tumbo halichukui. Mbuzi wa kilo 30 anahitaji karibu kilo 1 kavu. Kundi lako lote linataka kilo 44 kavu kwa siku. Mzigo wako wa kilo 200, ukichukulia maji asilimia 90, unakupa kilo 20 kavu. Haufiki nusu.

Na hata hizo 20 usizimwage zote kwenye hori. Mabaki mabichi yasizidi theluthi moja ya chakula kikavu cha mnyama anayecheua. Kwa kundi lako ni ng'ombe kilo 40 mbichi kila mmoja na mbuzi kilo 3 kila mmoja, jumla kilo 140. Kilo 60 zinazobaki zihifadhiwe siku hiyohiyo. Theluthi mbili nyingine ni nyasi, majani ya lusina, mabua, na pumba na mashudu ya alizeti au pamba kwa anayekamuliwa, kwa sababu matunda hayana protini ya maana.

Mnyama asiyezoea aanzishwe na robo ya kiasi hicho, uongeze taratibu kwa wiki mbili. Vijidudu vya tumboni vinavyomeng'enya nyasi sio vinavyomeng'enya sukari. Ukimpa ng'ombe ndoo mbili za maembe ghafla, vile vya sukari vinazaliana kwa saa chache na kutoa asidi ya laktiki, tumbo linashuka chini ya pH 5.5 (kipimo cha uchachu, kadiri namba inavyoshuka ndivyo asidi inavyozidi), anaacha kucheua, anaharisha kinyesi laini chenye povu na harufu ya uchachu, na baada ya siku kadhaa kwato zinaanza kuuma. Kwa hiyo nyasi kwanza, matunda baadaye, kila siku.

---

MbuziWaChanika

Dokta, madini haya. Na muda wa kulisha? Watu wengi wanamwaga mzigo saa 4 asubuhi unapofika.

---

Dr_Malisho

Saa 4 ndio muda mbaya kuliko yote. Chakula kinachochachuka tumboni kinatoa joto, na joto hilo linapanda zaidi saa tatu hadi tano baada ya kula. Akila saa 4, tumbo linawaka saa 8 mchana, jua nalo liko palepale.

Kuna kipimo kinachochanganya joto na unyevu wa hewa: zidisha nyuzi joto kwa 0.8, jumlisha unyevu (kwa desimali) mara jibu la nyuzi joto toa 14.4, kisha ongeza 46.4. Dar mchana nyuzi 32, unyevu asilimia 62, inatoka karibu 83. Ng'ombe wa maziwa anaanza kuumia akifika 72, wale wa maziwa mengi hata 68. Maana yake huku Pwani mchana wote wa kaskazi yuko juu ya mstari.

Lisha robo tatu ya chakula kuanzia saa 12 jioni hadi usiku, robo moja alfajiri kabla ya saa 1. Mabaki mabichi yaingie kwenye mlo wa jioni. Kinachobaki horini baada ya saa mbili kiondolewe na hori lioshwe. Utelezi mweupe unaoganda pembeni ya hori la saruji ni mbegu ya uchachu wa kesho.

Na msije mkapunguza maji eti kwa sababu wanakula matikiti. Ng'ombe anayekamuliwa anaweza kunywa lita 100 kwa siku msimu huu. Pipa liwe kivulini.

---

Kilifi_Maziwa

Hamjambo wenzangu wa Bara na Dar. Huku Kilifi na Malindi shida yetu ni maembe, Ngowe na haya ya kienyeji madogo yenye nyuzi. Kiwanda kikijaa, mkulima anakuachia lori. Ningependa kuongeza mambo mawili na kuuliza moja.

Embe dogo zima ni hatari kuliko kubwa. Kubwa ng'ombe hulitafuna kwa kuwa halipiti, dogo hulimeza na kokwa likakwama kooni. Gesi ya tumboni inakosa njia ya kutoka, ubavu wa kushoto unavimba, anatokwa na mate mengi na kunyoosha shingo. Ni vivyo hivyo kwa viazi vidogo, machungwa na vitunguu. Kila kitu cha mviringo kikatwe vipande visivyozidi upana wa vidole viwili. Kwa embe, kata mashavu mawili, kokwa weka kando.

La pili ni harufu kwenye maziwa. Kabeji, vitunguu na majani ya figili hupita hadi kwenye maziwa. Wape baada ya kukamua jioni, sio kabla. Ukiwapa saa moja kabla ya kukamua, mteja atakurudishia mtungi.

Swali: vitunguu vilivyoanza kuota, kuna kiasi salama? Sokoni huviacha gunia kwa gunia.

---

Dr_Malisho

Ndugu wa Kilifi, kitunguu kinapasua chembe nyekundu za damu. Kati ya wanaocheua, ng'ombe ndiye dhaifu zaidi, kondoo na mbuzi wanavumilia. Dalili ni mkojo mwekundu au wa kahawia na ufizi kupauka, na hutokea siku kadhaa baada ya kula, kwa hiyo watu hawaunganishi. Kwa ng'ombe wa maziwa mimi ningesema hapana kabisa, harufu tu inatosha kukuharibia biashara. Mbuzi wapate kidogo kikiwa kimechanganywa, kisizidi sehemu moja kwa kumi ya chakula kikavu.

Vya kutogusa: parachichi lote, tunda, ganda, kokwa na majani. Lina sumu inayoshambulia moyo na tezi za maziwa, inaua ndege na sungura, na inavimbisha kiwele cha mbuzi na ng'ombe. Wapo watakaosema aina fulani haina shida. Sokoni hujui aina, litupe shimoni. Viazi mviringo vilivyogeuka kijani au kuota, kata machipukizi na sehemu ya kijani, kilichobaki chemsha, maji ya kuchemshia mwaga. Mihogo michungu mibichi, hapana. Viazi vitamu vyenye kuvu nyeusi, hapana kabisa, kwa sababu kuvu hilo linafanya kiazi chenyewe kitengeneze sumu ya mapafu, na ng'ombe anakufa akihema kama aliyekimbizwa. Kuchemsha hakuiondoi. Chokoleti na kahawa, hapana.

La msimu huu hasa: mchicha, spinachi na majani ya figili yakirundikwa yakiwa na maji usiku mmoja, yanapata joto ndani, na naitreti iliyomo inageuka naitraiti. Hiyo inazuia damu kubeba hewa. Mnyama anahema kwa nguvu, ufizi unakuwa wa kahawia, damu inatoka rangi ya chokoleti, anaweza kufa ndani ya saa chache. Majani mabichi yatandazwe kivulini kwa unene wa kiganja, yasirundikwe. Yakiwa yamepata moto ukitia mkono ndani, yaende kwenye mboji.

---

Fundi_Sileji

Nilikuwa nasubiri zile kilo 60 za kuhifadhi. Dokta amezitaja akapita.

Sileji (malisho yanayoshindiliwa na kuchachushwa bila hewa ili yakae) ya mboga na matunda inashindwa kwa sababu moja kubwa: maji. Ukishindilia kabichi tupu kwenye pipa utapata supu nyeusi inayonuka choo. Lengo ni mchanganyiko uwe na maji asilimia 65 hivi. Pumba za mahindi zina maji asilimia 12. Kwa hesabu hiyo:

Kabichi, nyanya, tikiti: kilo 66 kwa kilo 34 za pumba, yaani mbili kwa moja.
Embe: kilo 75 kwa kilo 25, tatu kwa moja.
Mchanganyiko wa mleta mada, maji asilimia 90: kilo 60 zinataka kilo 28 za pumba.

Pumba zimepanda bei, najua. Nusu yake unaweza kuweka mabua ya mahindi au nyasi kavu zilizopitishwa kwenye mashine ya kukatakata, ila chakula kitapungua nguvu. Makapi ya mpunga, yale maganda magumu, usiweke. Yanafyonza maji lakini hayana lishe na yanakwaruza tumbo. Njia ya bei nafuu zaidi ni kunyausha: kabichi iliyokatwa ikitandazwa juani kwenye turubai saa nne hadi sita, ukigeuza mara mbili, inapoteza maji mengi na pumba zinapungua. Embe na nyanya hazinyauki, zinaoza.

Hatua. Kata vipande vya sentimita 2 hadi 3, panga kali na gogo vinatosha. Toa kila uzi, mpira wa kufungia mchicha, stika, kijiti, pini, kipande cha nailoni. Changanya na pumba juu ya turubai mpaka ukikamata konzi na kukamua, maji yasitiririke, kiganja kibaki na unyevu tu. Yakitiririka ongeza pumba. Ukiachia konzi na donge likasambaratika hapohapo, ni kavu mno, nyunyiza maji.

Chini ya pipa weka nyasi kavu sentimita 10 kunyonya majimaji yatakayoshuka. Jaza tabaka la sentimita 15, shindilia kwa miguu yenye buti safi au kwa gogo, tabaka jingine, hivyo hivyo mpaka juu. Hewa ndiyo adui. Funika kwa plastiki nzito, juu yake weka mfuko wa mchanga, ndipo ufunge kifuniko. Pipa lijazwe na kufungwa siku moja. Lililojazwa nusu leo na nusu kesho kutwa limeshaharibika katikati.

Kabichi ikiwa peke yake ongeza molasesi kilo 2 hadi 3 kwa kila kilo 100. Ikiwa kuna embe au nanasi, sukari inatosha, usipoteze hela.

Fungua baada ya siku 21. Nzuri ina rangi ya njano-kahawia, harufu ya achari, karatasi ya kupimia pH inasoma 3.8 hadi 4.2. Ikinuka pombe, hewa iliingia na hamira imekula sukari. Ikinuka siagi iliyooza, maji yalizidi. Hiyo ya pili usimpe mnyama mwenye mimba, na kwa kweli usimpe yeyote.

Ukubwa wa chombo ndipo wengi wanapokosea msimu wa joto. Pipa la lita 200 linashika kilo 120 hadi 140. Likishafunguliwa kwenye nyuzi 32, uso wa juu unaanza kupata moto ndani ya siku mbili au tatu. Kwa mbuzi 20 na ng'ombe 2 chukua pipa la lita 120 moja na ndoo ya lita 20 yenye kifuniko cha kubana. Hizo kilo 88 zinaenea humo kwa siku moja ya kujaza, na zinaliwa zote ndani ya siku tatu nne baada ya kufungua.

---

BekariNaBanda

Supamaketi wanatoa mkate na mifuko yake. Kuna mtu ananiambia kata sehemu yenye ukungu, kilichobaki lisha. Sahihi?

---

Mama_Mayai

Sio sahihi, mwanangu. Ukungu unaouona juu ni ua tu, mizizi imeshatembea ndani ya mkate mzima, na sumu yake haionekani wala haitoki kwa kuoka upya. Mkate mmoja wenye doa ndani ya mfuko, mfuko mzima uende nje. Wa kuku wasikie zaidi: bata ndio wa kwanza kufa kwa sumukuvu, vifaranga wa kuku wanafuata. Mahindi na karanga zenye ukungu ni vivyo hivyo. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumukuvu, sasa kifaranga ni nani? Ng'ombe naye anaitoa kupitia maziwa, unamnywesha mtoto wako.

Mkate ufanyiwe kazi siku unayoupokea. Toa mfuko, klipu na karatasi. Kata vipande vya kidole kimoja unene. Tandaza kwenye wavu wa kuku uliowambwa kwenye fremu ya mbao, sio kwenye sakafu, hewa ipite chini. Geuza adhuhuri. Jioni ingiza ndani hata kama haujakauka, maana umande wa usiku wa huku Pwani unaurudisha ulikotoka. Siku ya pili ukivunja ulie "kacha". Usipolia, bado. Saga au ponda, weka kwenye ndoo ya kubana. Gunia la kawaida halifai, linavuta unyevu.

Kiasi: kuku wa mayai gramu 10 kwa kila gramu 100 za chakula, usipite hapo. Mkate una wanga na chumvi, hauna chokaa wala protini ya kutosha. Ukizidisha, utaona mayai yenye ganda laini na kinyesi cha maji. Chumvi ya mkate inaongeza kiu, na kuku wa mayai kwenye joto hili anakunywa mpaka nusu lita kwa siku, mara mbili ya kawaida. Chombo cha maji kikikauka saa 7 mchana umepoteza mayai ya wiki.

Mboga kwa kuku ni kitafunio, gramu 20 hadi 30 kwa kuku mmoja, ining'inizwe kwa kamba ili wasiikanyage. Tikiti lililopoa saa 8 mchana linawasaidia kupoza mwili, hilo nalikubali, ila lisiwe badala ya chakula. Maharage makavu mabichi kamwe. Loweka usiku, mwaga maji, chemsha mpaka yaive kabisa.

---

Dr_Malisho

Mama, shikamoo. Kwa mkate nyongeza ya wanaocheua: usizidi asilimia 10 ya chakula kikavu, kwa ng'ombe ni kilo 1.2 kavu hivi, umegawanywa asubuhi na jioni. Akilishwa mkate na maembe siku moja, mpe gramu 100 hadi 150 za soda baikaboneti kwenye pumba. Ni kinga ndogo tu, haitamwokoa aliyeingia stoo akala kiroba kizima. Huyo ni wa daktari wa mifugo, haraka.

---

Kitimoto_Pugu

Naona nguruwe wamesahaulika. Nguruwe hana jasho la kumpoza, juu ya nyuzi 25 mkubwa anaanza kupunguza kula. Kwa hiyo msimu huu kila kilo anayokubali kula iwe na nguvu, sio maji. Wa kilo 50 anataka kilo 2 za chakula kikavu. Nyanya kilo 10 zinampa gramu 600 tu na tumbo limeshajaa. Nyanya na kabichi zisizidi kilo 2 mbichi kwa siku kwa mkubwa huyo, kipaumbele kiwe viazi vilivyochemshwa, ndizi, mkate mkavu (mpaka asilimia 20 ya mchanganyiko) na mtindi. Maganda ya ndizi mbichi kata na chemsha. Mtindi wa supamaketi ni mali: ondoa vifuniko vya foili vyote, lita 2 hadi 3 kwa siku kwa anayekua, anza na nusu lita asiharishe.

Makombo ya hoteli ndio habari nyingine. Hayo lazima yachemke.

---

Bachela_Mfugaji

Mkuu mbona mnatisha watu. Nguruwe anakula chochote tangu enzi na enzi. Kuni za kuchemsha pipa kila siku nani analipia?

---

Kitimoto_Pugu

Homa ya nguruwe ya Afrika ndiyo italipisha. Huu ugonjwa uliandikwa kwa mara ya kwanza kutoka Kenya mwaka 1921, ni wa kwetu, na mpaka leo hakuna dawa. Ukiingia bandani unaweza kupoteza karibu wote, na waliobaki serikali inakukataza kuwasafirisha. Kirusi kinakaa kwenye nyama iliyogandishwa kwa miaka na kwenye nyama ya chumvi kwa miezi. Kipande cha soseji kwenye ndoo ya makombo kinatosha. Uingereza walipiga marufuku makombo kwa nguruwe mwaka 2001 baada ya ugonjwa wa miguu na midomo kulipuka, na chanzo walikifuatilia mpaka kwenye zizi lililolisha makombo yasiyochemshwa vizuri.

Kiwango cha Shirika la Afya ya Wanyama Duniani ni nyuzi 90 kwa dakika 60, ukikoroga muda wote. Namna ya kufanya: pipa la chuma lililokatwa nusu, mafiga matatu ya matofali, moto wa maranda au vifuu. Maji kwanza, robo ya pipa, yachemke, ndipo uweke makombo yaliyokatwa. Ukianza na makombo yanashika chini, yanaungua huku katikati yamebaki vuguvugu. Mifupa mikubwa toa. Hesabu saa moja kuanzia pipa lote linapotokota, sio linapowekwa motoni. Kipimajoto cha chakula chenye mti mrefu kitumbukize katikati, ukikosa angalia mtokoto uwe wa nguvu na usikatike.

Kosa ninaloliona kila mahali ni ndoo. Ndoo iliyoleta makombo mabichi ndiyo inayopeleka yaliyoiva bandani. Kazi yote ya moto imekufa hapo. Ndoo nyekundu ya makombo mabichi, ndoo ya bluu ya yaliyoiva, mwiko wa kila upande, buti za kila upande. Pipa likae nje ya uzio wa banda. Na nyama ya nguruwe, soseji na mifupa yake visiingie hata kwenye pipa. Kwa ng'ombe na mbuzi, chochote kilichogusa nyama ni marufuku, kichemshwe au kisichemshwe.

Kuni ukiona ghali, chukua matunda, mboga na mkate ambavyo havijapita jikoni. Dukani omba makreti matatu: mboga na matunda, mikate, na chochote chenye nyama. La tatu waachie wao.

---

Bachela_Mfugaji

Nimekusoma mkuu. Na chumvi? Naona dagaa na ng'onda (samaki waliokaushwa kwa chumvi) vinatupwa sana.

---

Kitimoto_Pugu

Chumvi yenyewe sio tatizo kubwa maji yakiwepo. Tatizo ni chumvi na maji yamekatika, na mchana wa Januari mabomba yanakatika. Nguruwe anaanza kuzunguka, anagonga ukuta kama kipofu, anakaa kitako na kurusha kichwa nyuma, kisha degedege. Ukimkuta hivyo usimfungulie maji yote kwa pamoja, ubongo unavimba na kumwua. Mpe kidogo kidogo kila baada ya muda mfupi, na umwite daktari. Ng'onda loweka usiku, mwaga maji, rudia, kisha chemsha. Banda liwe na akiba ya maji ya siku mbili, lita 10 kwa anayekua, 30 na zaidi kwa mama anayenyonyesha.

---

Barka_Mswahili

Salaam aleikum kutoka Oman. Kwetu joto ni Juni hadi Agosti, nyuzi 45 na kupita, na kinachozidi ni tende. Tende ni kama embe lililokwisha kukauka: sukari karibu asilimia 70. Mbuzi wa kilo 30 asipewe zaidi ya gramu 200, na kokwa zilowekwe siku mbili au zisagwe, nzima zinapita kama zilivyoingia. Mkate hapa, upepo ukitoka bara, unakauka siku moja. Ukitoka baharini ni kama Dar, hata siku tatu haukauki. Msiangalie nyuzi joto peke yake kabla ya kuanika, angalieni upepo.

---

MbuziWaChanika

Asanteni sana. Kile kisichofaa kwa mnyama yeyote, nyanya zilizovunda na maembe yenye funza, kiishie wapi? Kukimwaga nyuma ya banda ni kufuga nzi.

---

Mama_Mayai

Fuga nzi kwelikweli, ila yule askari mweusi, sio nzi wa nyumbani. Trei ya sentimita 60 kwa 40, kina 17, inabeba viwavi 10,000 wa siku tano, na wanamaliza kilo 15 za mabaki ndani ya siku 12. Mabaki yasagwe, yakamuliwe yabaki na maji asilimia 70 hadi 80, wape kwa awamu tatu, siku ya kwanza, ya tano na ya nane. Ukiweka yote mara moja yanapata moto na viwavi wanatoroka. Nyuzi 27 hadi 30 ndizo wanazozipenda, kwa hiyo kwa sasa trei zikae kivulini penye upepo, chini ya bati tupu watakufa. Miguu ya meza itumbukizwe kwenye makopo yenye maji na mafuta machafu kuzuia sisimizi. Wavune kabla hawajawa weusi, watie kwenye maji yanayochemka kwa dakika mbili, anika, ndio chakula cha kuku.

Mizoga na nyama iliyooza usiweke. Funza waliokula mzoga wanabeba sumu inayolegeza shingo ya kuku, anakaa kichwa chini kama aliyelewa na hapigani na kifo. Na mabaki yenye ukungu wa mkate peleka kwenye mboji, sio hapa.

---

BekariNaBanda

Fundi_Sileji, swali la mwisho. Pipa la nyanya na pumba, siku ya 24, juu kuna tabaka jeupe la sentimita 5 hivi, chini yake rangi ni nzuri na harufu ya achari. Limwagwe lote?

---

Fundi_Sileji

Hapana. Kwenye mkate ukungu unapenya kote kwa sababu hewa imo kote. Kwenye pipa lililoshindiliwa hewa iliishia juu. Ondoa tabaka jeupe lote na sentimita 10 nyingine chini yake, hata kama zinaonekana nzuri, peleka mboji. Kisha tia mkono ndani kwa kina cha kiwiko. Ikiwa pamepoa kama ukuta wa kivulini, endelea kulisha, ukikata usawa mzima wa juu kila siku badala ya kuchimba shimo katikati. Ikiwa pana joto, au unakuta madoa ya kijani na bluu chini, pipa hilo limekwisha. Na angalia kifuniko: tabaka jeupe la sentimita 5 maana yake mpira wake umelegea au plastiki ya ndani haikufika ukingoni. Badilisha kabla hujajaza tena.

Mbuzi wapewe nusu kilo siku ya kwanza, na wenye mimba kubwa wasipewe ya pipa hilo.